Utumbo wa Mezani: Shajara ya Klabu ya Sayansi, Tororo

Nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Tororo, Uganda, mwendo mfupi wa boda kutoka mpaka wa Malaba. Mtaala mpya wa sekondari ya chini unataka miradi, na wanafunzi wangu wa Sinia ya Pili wamechoka kuchora utumbo daftarini. Mwaka huu tunautengeneza mezani: posho (ugali wa mahindi) iingie upande mmoja, tuione inavyokatwa mpaka iwe glukosi, kisha tufuatilie glukosi hiyo inakwenda wapi. Neli ya Visking inayotakiwa na vitabu, yaani utando unaopitisha sukari na kuzuia wanga, hatuna. Naandika ili mwalimu atakayeiga asirudie makosa yetu. Yaliyokwenda sawa nayapita haraka.

Msamiati kwanza, maana hata walimu tunauchanganya. Kabohaidreti ni ukoo mzima. Fikiria muwa na pingili zake. Sukari za pingili moja ni glukosi, fruktosi na galaktosi. Za pingili mbili ni sukari ya dukani (sukrosi, yaani glukosi na fruktosi), maltosi (glukosi mbili) na laktosi ya maziwa (glukosi na galaktosi). Pingili zikiungana kwa mamia na maelfu tunapata wanga, glaikojeni na selulosi. Zote tatu zimejengwa kwa glukosi tupu. Tofauti ni namna pingili zilivyoshikana, na ndiyo maana posho inashibisha na karatasi haishibishi.

Jumamosi, 15 Februari 2025: nani ana wanga, nani ana sukari

Matumizi: iodini ya vidonda Sh 3,000. Dawa ya Benedict, ya buluu, ambayo ikichemshwa na sukari kama glukosi hugeuka mpaka nyekundu ya tofali, ilikuwepo maabara.

Iodini, ambayo hugeuka buluu ikikuta wanga, tuliizimua kwa maji mpaka ikafanana na chai ya rangi. Matoke mabichi, muhogo, wali na chapati vilitoa buluu ya kukaribia weusi. Bogoya (ndizi tamu) iliyoiva ilitoa madoa machache tu. Matoke tuliyoyaacha yakaiva mpaka yakawa ya njano yalitoa buluu hafifu kwa iodini na nyekundu ya tofali kwa Benedict, kwa sababu ndizi inapoiva wanga wake unageuka sukari.

Sukari ya dukani iliwakera wanafunzi. Waliichemsha na Benedict mara tatu, ikabaki buluu vile vile. "Mwalimu, hii dawa imeharibika." Haikuharibika. Benedict inatambua sukari yenye ncha iliyo wazi, na katika sukrosi glukosi na fruktosi zimefungana kwa ncha zao zote mbili. Kiazi kitamu kilichochemshwa nacho kilikuwa chekundu kuliko kibichi: kina kimeng'enya (protini ya kukata chakula) chake chenyewe ambacho, kikipata moto polepole, hukata wanga kuwa maltosi. Tulikula mabaki.

Kosa la siku lilitoka kwenye posho. Mmoja aliichota ingali na mvuke, akadondoshea iodini, hakuna kilichotokea. Akaandika "posho haina wanga", na nusu ya klabu ikanakili. Rangi ile ya buluu hutokea iodini inapoingia ndani ya msokoto wa mnyororo wa wanga, na joto hulegeza msokoto huo. Nilitaka kueleza, nikaona heri ninyamaze. Posho ilipopoa, weusi ulijitokeza wenyewe bila mtu kuigusa. Tangu siku hiyo tunapoza kwanza, ndipo tunapima.

Jumamosi, 22 Februari: kinywa

Matumizi: hakuna, isipokuwa mkaa.

Kila mmoja alitumia mate yake mwenyewe katika kichupa chake, na vyote vilitumbukizwa kwenye maji ya klorini baadaye. Kwa hilo sina mzaha, kifua kikuu bado tunacho.

Jaribio la kwanza: unga wa muhogo uliokorogwa kwenye maji baridi, mate juu yake, dakika 30. Buluu haikupungua hata kidogo. Kosa langu. Wanga mbichi umefungwa ndani ya chembe ngumu ambazo amilesi, kimeng'enya cha mate, hupata taabu kuzitafuna. Kupika ndiko kunakozivimbisha na kuzipasua. Jiko ni sehemu ya mmeng'enyo, ila huwa hatulihesabu kwa kuwa liko nje ya mwili. Tukapika uji mwepesi wa unga wa posho, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji, tukaupoza.

Jaribio la pili: uji mzuri, mate mazuri, na vichupa tukavisimamisha katika maji ya thermos ili kuiga joto la mwili. Buluu tena. Maji yalikuwa ya moto wa kutengenezea chai, na kimeng'enya kilipikwa kama yai. Kipimajoto cha maabara kilivunjika mwaka jana, kwa hiyo tulitumia cha homa cha kidijitali. Hakisomi juu sana, lakini nyuzi 37 inaisoma barabara. Kikionyesha hitilafu, ongeza maji ya baridi.

Jaribio la tatu lilikubali. Kila dakika tulidondosha tone kwenye kigae cheupe chenye iodini. Kwa msichana mmoja buluu iliisha dakika ya 4, kwa mvulana aliyekaa naye ilikuwepo mpaka dakika ya 11. Wakaanza kutaniana. Kwa kweli watu hutofautiana katika idadi ya nakala za jeni ya amilesi walizozaliwa nazo, na mate ya mtu yule yule hubadilika kati ya asubuhi na mchana.

Jumamosi, 1 Machi: tumbo, na limau lililotudanganya

Matumizi: ndimu na malimau Sh 1,000, siki Sh 4,000 (hii ilikuja baadaye, kwa lazima).

Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba asidi ya tumbo husimamisha kazi ya mate. Tulitarajia hivi: uji na mate, buluu itoweke; uji, mate na asidi, buluu ibaki.

Tulitumia limau. Kile kichupa cha limau, ambacho buluu yake ilitakiwa ibaki, kilikwajuka papo hapo, kabla hata ya kile cha mate peke yake. Darasa lilipiga kelele: limau linameng'enya wanga kuliko mate! Mmoja alikumbuka bibi yake anayekamulia limau kwenye chakula ili "kishuke haraka". Nilisimama pale nimeishiwa maneno, maana matokeo yalikuwa yanaonekana na kila mtu na yalikuwa kinyume na nilichofundisha wiki nzima.

Msichana mmoja ndiye aliyetuokoa, na alifanya jambo dogo tu. Aliweka limau kwenye iodini tupu, pasipo uji. Iodini ikawa nyeupe kama maji. Basi limau halikugusa wanga; liliiua iodini. Vitamini C iliyomo huigeuza iodini kuwa iodidi, ambayo haina rangi wala haishikani na wanga. Tukaongeza iodini nyingi kwenye kichupa kile kile, na weusi ukarudi. Wanga ulikuwepo muda wote.

Siki haina vitamini C ya kutusumbua. Tulirudia kwa siki: uji na mate, buluu iliisha; uji, mate na siki, buluu ilikaa mpaka tunafunga mlango. Ukiiga mradi huu, nunua siki mwanzoni. Lakini kama una muda, jidanganye kwa limau kwanza. Sijapata kipindi kingine ambacho wanafunzi waligombania kichupa kisicho na kitu ndani ila iodini.

Tumboni, kwa hiyo, kabohaidreti hazikatwi kwa kimeng'enya kipya. Amilesi ya mate huendelea kidogo katikati ya bonge la chakula mpaka asidi iifikie, basi.

Jumamosi, 15 Machi: ukuta wa utumbo

(Tarehe 8 ilikuwa Siku ya Wanawake, hatukukutana.)

Matumizi: utumbo wa mbuzi Sh 5,000, uzi tulikuwa nao.

Tulihitaji mfuko unaopitisha sukari na kuzuia wanga. Mwezi uliopita tulijaribu kaveera (mfuko wa plastiki). Tulifunga uji na mate ndani, tukautumbukiza kwenye maji siku tatu. Hakikupita kitu, ila harufu.

Hajji wa buchani alitukatia futi tatu za utumbo mwembamba wa mbuzi. Tuliugeuza, tukauosha kwa maji ya chumvi, tukakwangua utelezi wote mpaka ukabaki kama karatasi ya nailoni, tukafunga ncha moja, tukajaza uji na mate, tukafunga ya pili. Mfuko wa kwanza ulivuja kwa tundu la kisu ambalo hatukuliona. Dawa yake ni kupuliza utumbo ndani ya ndoo ya maji kabla ya kuujaza, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha.

Mfuko wa pili ulifanya kazi. Baada ya dakika 40 maji ya nje yaligeuza Benedict kuwa ya machungwa, na iodini haikuonyesha buluu. Pingili ndogo zimepita, minyororo imebaki.

Niliwaonya wasiuamini sana mfuko huu. Utumbo uliokufa ni chujio tu. Ulio hai hubeba glukosi na galaktosi kwa nguvu, kila moja ikisindikizwa na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na fruktosi ina mlango wake pembeni. Ndiyo sababu pakiti ya ORS, ile dawa ya kukoroga kwenye maji kwa mwenye kuharisha, ina glukosi na chumvi: katika mchanganyiko wa WHO na UNICEF wa tangu 2002, lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida. Glukosi na chumvi vinapovuka ukuta pamoja, maji hufuata. Mwenye kipindupindu angekunywa maji matupu asingepata faida hiyo.

Jumamosi, 22 Machi: mbuzi anakataa sukari

Matumizi: vijiti vya kupimia glukosi kwenye mkojo, kopo moja Sh 25,000, utumbo mwingine wa mbuzi Sh 5,000.

Benedict haitofautishi maltosi na glukosi. Vijiti vya mkojo vinatofautisha: kimeng'enya kilichopakwa juu yake kinaitikia glukosi peke yake. Tulichovya kimoja kwenye uji uliokwisha kumeng'enywa na mate. Benedict nyekundu, kijiti kimya. Hili ndilo nilitaka walione kwa macho yao, maana wengi wanaamini mate hugeuza posho kuwa glukosi. Mate huishia kwenye maltosi na vipande vifupi. Kongosho nalo, kwa amilesi yake nyingi zaidi, huishia hapo hapo. Kipande cha mwisho kinakatwa na ukuta wa utumbo mwembamba wenyewe, ambako vimeng'enya vya maltosi, sukrosi na laktosi, yaani maltesi, sukresi na laktesi, vimejipanga juu ya vinyweleo vya seli.

Kwa hiyo ule utelezi tuliokuwa tunautupa wiki iliyopita ndio tuliouhitaji. Tuliukwangua, tukauponda kwenye maji baridi ya chumvi, tukauchanganya na maltosi yetu kwa nyuzi 37. Baada ya saa mbili kijiti kilionyesha kijani hafifu. Tukashangilia.

Tukatia kwenye sukari ya dukani. Saa mbili: hakuna. Tukaongeza utelezi: hakuna. Nikashuku vijiti, maana kopo lilikaa wazi wakati mvua inanyesha na unyevu huviharibu. Tukavijaribu kwenye asali, vikageuka kahawia. Vizima. Nikashuku joto, nikashuku chumvi. Jioni nilirudi nyumbani na ndoo ya utumbo na hasira.

Jibu lilikuwa ndani ya mnyama. Mbuzi ni mcheuaji. Sukari anayokula huliwa na vijidudu vya tumbo lake kubwa kabla haijafika utumbo mwembamba, na vijidudu humwachia asidi ambazo ini lake hutumia kutengeneza glukosi. Sukresi haina kazi kwake, na utumbo wa wacheuaji hauna kimeng'enya hicho. Hata maltesi yao ni kidogo, ndiyo maana kijani chetu kilikuwa hafifu. Hajji nilipomwambia alicheka sana: "Mwalimu, umemnunulia mbuzi sukari?"

Jumamosi, 29 Machi: kuku, na swali la mfungo

Matumizi: kuku wa kienyeji mmoja Sh 35,000. Ni kipengele ghali kuliko vyote, lakini alitumika mara tatu na nyama haikutupwa.

Nguruwe angefaa pia, lakini nusu ya klabu ni Waislamu na ni Ramadhani. Kuku anakula nafaka kama sisi, na utumbo wake una sukresi. Alichinjwa na mjomba wa mwanafunzi saa nne asubuhi, hapo hapo shuleni.

Mara ya kwanza kijiti kilibadilika haraka mno, hata kwenye kichupa cha kulinganishia chenye utelezi na maji matupu. Ilikuwa glukosi ya kuku mwenyewe, ya damu na ya mahindi aliyokula alfajiri. Tulisuuza utumbo mara tano kwa maji baridi ya chumvi ndipo tukakwangua upya. Kosa jingine: mmoja alisoma kijiti baada ya dakika tano. Kisome kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, maana kikicheleweshwa kinazidi kukoza.

Vichupa vitatu vya mwisho, baada ya saa moja: utelezi na maji, hakuna. Utelezi uliochemshwa na sukari ya dukani, hakuna. Utelezi mbichi na sukari ya dukani, kahawia. Kongosho la kuku, lile lililolala ndani ya kitanzi cha utumbo, tulilisaga na kulitia kwenye uji. Buluu iliisha kabla hatujaandaa kigae.

Ini lilikuja kwa swali. Mvulana aliyekuwa amefunga aliuliza: "Mimi nimekula daku saa kumi na moja kasoro. Posho ile imekwisha kitambo. Sasa hivi sukari inayonitembeza inatoka wapi?" Sikuwa nimepanga kulijibu kwa vitendo, lakini ini la kuku lilikuwa bado kwenye bakuli.

Mwaka 1855 Mfaransa Claude Bernard aliosha ini la mbwa kwa maji mpaka halikutoa sukari tena, akaliacha, na kesho yake akakuta limejaa sukari. Tulifanya vivyo hivyo kimaskini. Tulilikata vipande vyembamba, tukasuuza mpaka kijiti kikanyamaza. Nusu tukaichemsha mara moja, nusu tukaiacha kwenye maji ya nyuzi 37. Baada ya saa mbili, iliyochemshwa ilikuwa kimya na nyingine ilikuwa kahawia. Hakuna aliyeongeza sukari. Ilitoka kwenye glaikojeni, ghala ambalo Bernard aliweza kulitenga mwaka 1857. Mchuzi wa ile nusu iliyochemshwa ulitoa rangi ya kahawia-nyekundu kwa iodini, si buluu, kwa kuwa matawi ya glaikojeni ni mafupi na yamesongamana.

Basi nikamjibu. Baada ya daku insulini, homoni ya kongosho, iliambia ini na misuli ziweke akiba. Ini la mtu mzima huweka takriban gramu 100, misuli kiasi cha 400. Sukari ya damu ikianza kushuka, kongosho hilo hilo hutoa homoni nyingine, glukagoni, na ini hufungua ghala kwa ajili ya ubongo, ambao peke yake hutumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku. Misuli haifanyi hisani hiyo. Haina kimeng'enya cha kurudisha glukosi kwenye damu, kwa hiyo akiba yake inaila yenyewe. Ghala la ini likipungua, ini huanza kutengeneza glukosi kutokana na vitu vingine, vikiwemo vipande vya protini, na mwili huzidi kuegemea mafuta. "Na nikila kupita ghala?" Ziada hugeuka mafuta. Akatazama tumbo langu, wenzake wakacheka.

Nyama ilikwenda kwenye futari ya mlinzi na familia yake.

Jumamosi, 12 Aprili: kilichobaki, na hesabu

Nyuzinyuzi tumezishughulikia kidogo tu. Selulosi ya maganda ya maharage na karatasi ya kuchujia tuliipitisha kwa mate, siki, kongosho na utelezi wa kuku, ikatoka kama ilivyoingia. Hatuna kimeng'enya chake. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha sehemu ya nyuzinyuzi kuwa asidi fupi ambazo kuta za utumbo huo hula, na zinazobaki hukipa kinyesi wingi. Kuchachusha kinyesi mezani sikuthubutu, na mwalimu mkuu asingekubali. Badala yake niliwaeleza kwamba habari hii ina mizizi Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, na Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani, wote walifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, kabla ya kurudi Uingereza. Miaka ya 1970 walisema kwamba magonjwa ya utumbo waliyoyakuta kwao tele, na waliyoyaona mara chache kwa wagonjwa wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa, yanahusiana na uhaba wa nyuzinyuzi. Baadhi ya madai yao yamepunguzwa na utafiti wa baadaye, lakini ushauri wa kula nyuzinyuzi umesimama. Sisi tulioacha kalo (ugali wa ulezi) tukashika chapati za ngano nyeupe tumeupokea kwa mzunguko.

Hesabu yote: iodini 3,000, malimau 1,000, siki 4,000, utumbo wa mbuzi mara mbili 10,000, vijiti 25,000, kuku 35,000. Jumla Sh 78,000. Ukiacha malimau na utumbo wa pili wa mbuzi, na ukakata kila kijiti kwa urefu kuwa viwili (vinakubali, ila tumia wembe mkavu), utatumia Sh 72,000 na kubaki na vijiti vya muhula ujao.

Kinachotukwamisha ni laktosi. Kuku hana laktesi, na mbuzi mzima amebakiza kidogo mno. Msichana wa jamii ya wafugaji anataka kujua kwa nini yeye hunywa maziwa mabichi bila taabu na rafiki yake hujaa gesi. Tunahitaji utumbo wa mwanambuzi anayenyonya bado, na mtu hachinji mwanambuzi kwa ajili ya somo. Hajji amesema akiletewa mmoja aliyekanyagwa au kuvunjika mguu atanipigia simu, ila nije na ndoo yangu.